Matofali ya Kona ya Mtandao

Hii habari huwa siihadithii, na mkiniona nacheka msidhani imeniisha, nacheka kwa sababu nikiacha kucheka nitalia, na mwanaume mwenye ndevu akilia mbele ya chapati watu hawajui waangalie wapi. Lakini mmeng'ang'ania kuniuliza kwa nini kila nikienda kwetu Bombo watu wakishanisalimia wananiuliza, "Na mbuzi hawajambo?" Haya, leo nawaambia, aibu yangu yenyewe naiweka mezani, mkimaliza kunicheka mnimiminie chai nyingine.

Ni mwaka ule timu yetu iliposhuka daraja. Timu ilikuwa inaitwa Tangawizi Rangers (msianze, kwetu watu wanalima tangawizi, mlitaka tujiite Papa wa milimani?) na tulikaa kwenye ligi ya juu msimu mmoja tu, tukafungwa kila mahali pa kufungwa, nyumbani, ugenini, kwenye mvua, mpaka ile mechi ya mwisho mjini Same, kwenye jua la kukaanga utosi, ambapo mimi winga tegemeo nilipiga penalti ikapaa ikaangukia kwenye vichaka vya miiba, mpira ukapasuka hapo hapo na hatukuwa na mwingine. Tulishuka daraja tukiwa tumesimama tunasubiri wenyeji watuazime mpira.

Baada ya hapo watu wakaanza kuondoka. Golikipa wetu Zawadi akaenda Moshi, nahodha akaenda Tanga, mabeki wawili wakapata timu Arusha, kila wiki unasikia fulani hayupo. Kocha wetu alikuwa Mwalimu Kajiru, mwalimu mstaafu aliyetufundisha karibu wote kusoma kabla hajatufundisha kupiga pasi, na kila akipungukiwa mchezaji anakonda kidogo, mpaka mkewe akaanza kumbana mkanda kwa kutoboa matundu mapya.

Na mimi je? Mimi nilikuwa nimeshasaini! Niliteremka Same nikamdanganya mama naenda kutafuta dawa ya maharage, nikakutana na viongozi wa timu moja ya mjini (jina lake nalimeza, haikunikosea kitu), tukala kuku, nikasaini, nikavalishwa jezi inanukia upya, nikapigwa picha nimenyoosha kidole mbinguni, halafu jamaa wao wa mitandao akaniambia, "Kaka, sema maneno mawili kwenye video." Nikasema. Nilichosema mtakisikia, msiwe na haraka, kila mtu alikisikia. Wakaniambia nikae kimya, watanitambulisha wao wenyewe baada ya wiki mbili.

Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, mnada wa ndizi na mayai ulipoisha, Mwalimu akaomba dakika tano. Akasema hana neno na walioondoka, anataka tu kujua nani yupo ili apange timu. "Aliyepo anyooshe mkono."

Wallahi sikuwa nimepanga kunyoosha. (Ndiyo, Mlutheri naapa wallahi, nimekaa na ninyi mno.) Nilikuwa nimejibanza nyuma ya mti wa mkaratusi nahesabu mchwa, lakini mama alikuwa amesimama mbele kidogo na kuku wa mnada kwapani, akageuka akaniangalia, kuku naye akaniangalia, basi mkono wangu ukaenda juu. Nikajiambia ni wa dakika tano tu, mkono siyo mkataba, kesho nitamfuata Mwalimu kwake nimweleze taratibu kama watu wazima.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Eli," akasema, "hata wewe upo?"

"Nipo, Mwalimu."

Kina mama wakapiga vigelegele. Na mwenyekiti wetu wa kitongoji, ambaye hajawahi kuacha mkutano upite bila kuongeza lake, akadakia, "Kijana huyu ameukataa mji kwa ajili yetu! Na mama yake anapikia chini ya turubai tangu masika yaangushe jiko lake. Ijumaa msaragambo, matofali ya Mama Eli yapande!"

Msaragambo kwetu siyo mchezo. Ni kazi ya wote: pembe ikilia alfajiri kila nyumba inatoa mtu, na asiyetoka bila sababu anaitwa barazani kujieleza (na sisi Wapare na kesi mnatujua, mtu atauza ng'ombe kufuatilia kesi ya kuku). Ijumaa, kwa sababu Jumamosi Wasabato wako kanisani na Jumapili ni sisi. Matofali yenyewe, ya kuchoma, yalikuwa yamerundikwa chini barabarani tangu masika, lori haliwezi kupanda kwetu, ni njia ya miguu mpaka juu, na mama peke yake angeyafikisha lini? Mvua ikinyesha alikuwa anashika turubai kwa mkono mmoja na mwiko kwa mkono mwingine. Mimi nilikuwa naliona hilo kila siku, jamani. Nilikuwa naliona.

Jumatatu nikaenda kwa Mwalimu, nimeyapanga maneno njia nzima. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba nahodha." Nahodha! Kabla sijafungua mdomo mkewe akatoka ndani na kitambaa cha unahodha alichokishona mwenyewe kwa kipande cha kitenge chake cha njano, herufi ya N katikati, akanifunga mkononi, akarudi nyuma kuniangalia. "Kimemkaa," akasema. Mtu gani angesema wakati huo? Labda ninyi. Mimi nikasema asante, nikanywa uji, nikaondoka nimekivaa. Jumatano nikarudi tena, nikakuta watu. Alhamisi mvua. Nikajiambia basi, matofali kwanza yafike, Jumapili nitasema. Mnaona nilivyokuwa na akili? Matofali kwanza yafike.

Ijumaa pembe ikalia. Nikateremka gizagiza, simu nimeizima kwa sababu wale wa mjini walikuwa wananipigia kila nikipata mtandao, kitambaa nimekivaa maana mke wa Mwalimu alisisitiza nikivae. Chini nikakuta watu kama sitini, wazee, vijana, kina mama na ngata zao kichwani, hata Wakatoliki wa ng'ambo ya bonde ambao jiko la mama yangu haliwahusu. Nyimbo zikaanza, tukapanga mstari, mwenye nguvu anabeba manne, mwenye mgongo mbovu mawili. Mwenyekiti akaniweka mbele. "Nahodha atangulie!"

Sasa lazima mjue kitu kimoja. Kule bondeni kwetu mtandao hakuna, na kwa mama juu hakuna, upo kwenye kona moja tu katikati ya njia, penye jiwe kubwa, na tunapaita Mtandao. Mtu akitaka kupiga simu anasema, "Napanda Mtandao mara moja." Ndiyo mnaanza kuona, eeh?

Mimi nikapita pale wa kwanza naimba, na matofali yangu manne, simu yangu imelala mfukoni. Nyuma yangu nikasikia simu ya kwanza, tiri. Halafu ya pili. Halafu mfululizo, kila anayefika kwenye kona mfuko wake unalia. Nikasikia nyimbo zinapungua kutoka nyuma, mtu mmoja mmoja, mpaka nikabaki naimba peke yangu, na mimi ndivyo nilivyo, nikaongeza sauti nikidhani wamechoka.

Kumbe wale wa mjini walikuwa wamenitambulisha jana yake jioni, hawakusubiri. Na Zawadi wa watu, golikipa wetu, akiwa Moshi huko, kwa furaha yake akaituma video kwenye kundi la timu, na waliomo wakawarushia wengine: HONGERA ELI KAKA YANGU!!! Nikageuka nikaona watu wamesimama mstari mzima, matofali kichwani, mkono mmoja umeshika tofali na mwingine umeshika simu, na simu zote zinasema kwa sauti yangu mimi. Na zote hazikuanza pamoja. Nilichosema kwenye video ni hiki: "Nimeisubiri siku hii tangu utotoni. Kule nilikotoka huo siyo mpira, unapiga krosi inamkuta mbuzi. Sasa nimefika nyumbani." Na nikacheka, he he he. Basi mbuzi akawa anafika kwenye simu ya huyu, akimaliza anafika kwenye simu ya yule, kicheko kinaanza huku, kule ndiyo kwanza nasubiri siku hii tangu utotoni, mbuzi, he he, nyumbani, mbuzi. Sijui ilichukua dakika ngapi. Mimi nimesimama na kitambaa cha njano mkononi.

Nilitegemea matusi, na wangenitukana ningeshukuru. Mama Naomi, jirani yetu aliyenibeba mgongoni nikiwa na surua, ndiye aliyesema peke yake. "Eli, kwani ulikuwa unatuonaje siku zote hizo?"

Akainama, akashusha matofali yake pembeni ya jiwe, taratibu, hakuyatupa, akayapanga. Wa nyuma yake naye akashusha juu ya yale. Wakashusha wote, mmoja mmoja, wakapanga vizuri kabisa, kona na kona (sisi hata tukikasirika hatuvunji mali), kisha wakageuka wakateremka. Mwenyekiti alikuwa anasema suala hili lina vipengele vitatu na litafika barazani, lakini hata yeye hakuna aliyemsikiliza.

Nikapanda juu na matofali yangu manne. Mama alikuwa amewasha moto nje kwenye mafiga, amepika makande ya watu sitini, sufuria ameazima kanisani, ameamka saa tisa. Amevaa gauni la ibada. Akaangalia nyuma yangu njiani, akaangalia, akaniuliza, "Wenzako wako wapi?"

Nikasema wanakuja. Hapo hapo, jamani! Nimetoka kuumbuka kwa uongo, na bado nikadanganya.

Aliyekuja ni mmoja, baada ya muda mrefu, Mwalimu Kajiru na matofali yake mawili, anahema, miwani imeingia ukungu. Akayaweka chini karibu na ukuta ulioanguka. Akanawa, akala sahani nzima ya makande bila haraka, akamwambia mama, "Makande yako hayana mfano, Mama Eli," kisha akamweleza yote, polepole, kama anavyomweleza mzazi matokeo ya mtoto. Mama akasikiliza, akachukua kifuniko akafunika sufuria. Mimi nikafungua kitambaa nikampa Mwalimu kwa mikono miwili. Nikamwambia nilitaka kusema, nilikuja Jumatatu, nikaogopa ataona nimemkimbia.

Akakikunja kile kitambaa mara nne, akakitia mfukoni. "Zawadi alikuja kuniaga," akasema. "Nahodha alikuja. Wale mabeki wawili walikuja. Wote niliwabebea mabegi mpaka kwenye basi. Wewe ungeniambia, Elifuraha, si ningekusindikiza tu?"

Hakuwahi kuniita Elifuraha tangu darasa la pili.

Niliondoka Jumatatu, begi langu nikalibeba mwenyewe. Makande tulikuwa tumeyala siku tatu, mimi na mama, asubuhi na jioni, na mengine kuku wa mnada akamalizia. Huko mjini nilikaa benchi karibu msimu mzima, na nilipoingia uwanjani mara ya kwanza, nawaapia, mbuzi alipita pembeni ya kibendera cha kona nikakosa mpira. Kila Jumapili mama akiteremka Mtandao kunipigia namuuliza, "Jiko vipi?" Anasema, "Lipo, mwanangu, usijali." Mimi najipanga moyoni: likizo nitakwenda, nitayabeba yale matofali yote mwenyewe kutoka kwenye kona, watu wanione, hata nikichukua wiki mbili, yaani niumie waone naumia.

Likizo ikafika. Nikapanda kutoka barabarani na kitambaa cha ngata nimekiweka kabisa begani. Nikafika kwenye kona, penye jiwe. Patupu. Majani yameota umbo la mraba, ya kijani kuliko ya pembeni. Nikapanda mbio mpaka kwa mama, nikakuta jiko limesimama, lina bati, lina dirisha, moshi unatoka.

"Nani kayabeba?" nikamuuliza.

"Si ni mimi. Kila nikitoka shamba nilikuwa napita na mawili. Na yale ya barabarani nayo. Mwalimu alinisaidia kupanga ukuta." Akaniangalia, akaiangalia na ile ngata begani. "Karibu uji."

Halikubaki hata moja la mimi kubeba.

Siku ya kurudi mjini nikasema safari hii nitaaga. Nikaenda kwa Mwalimu asubuhi, nikabisha hodi, mkewe akasema ametoka, kuna beki wake wa kushoto amepata timu Korogwe, kamsindikiza. Nikateremka barabarani nikawakuta, Mwalimu amelibeba begi la yule beki begani, anamwambia ale vizuri, asilale na soksi. "Shikamoo Mwalimu," nikasema. "Nimekuja kuaga." Akaitikia marahaba, akasema safari njema, akageuka kumsaidia beki wake kuingiza begi kwenye buti. Basi lilikuwa moja, tukapanda wote wawili. Lilipoondoka Mwalimu akapunga mkono, nami nikaunyoosha wangu dirishani, ule ule wa kanisani, ingawa nilijua anampungia mwenzangu.

Tangu siku hiyo, rafiki zangu, mimi nikiondoka mahali nasema. Hata hapa kwenye chai mnaniona, nikinyanyuka namuaga mtu mmoja mmoja mpaka mnakasirika. Kasirikeni. Na mtu akiniuliza, "Eli, upo?" kabla sijajibu namtazama kwanza nijue anataka kunibebea nini.