Shairi la Mapanki Kwenye Ufunguzi wa Kiwanda

Miaka ile kila kitu mjini kilipokuwa kinabinafsishwa, chama chetu cha washairi kilikuwa na watu sita, na hakuna aliyetaka kukinunua. Tulikutana Jumamosi mchana nyuma ya duka la vifaa vya ofisi, katikati ya Mwanza. Mwenye duka, Mhindi aliyezaliwa hapahapa kama baba yake, alitukaribisha kwa kuwa naye alitunga. Isitoshe, alikuwa na taipureta.

Mwenyekiti wetu alikuwa mzee wa Kisukuma aliyefanya kazi ya karani wa mizani kwenye ushirika wa pamba mpaka alipopunguzwa. Baada ya hapo akawa anapima mashairi. Ukisoma, alifumba macho na kuhesabu silabi kwa vidole juu ya goti. Mstari ukizidi kumi na sita, alikohoa.

Yeye mwenyewe alikuwa na tatizo moja tu: ulimi wake haukutenga r na l. Mwaka wa uchaguzi alitunga shairi la kuhimiza wananchi, ambalo ubeti mmoja ulimalizikia "kura", "chakula" na "kulala". Mwenye duka aliacha kuchapa.

"Mwenyekiti, hivi vina havifanani."

"Nilipokusomea, ulisikia tofauti?"

"Sikusikia."

"Basi chapa."

Mimi nilikuwa mwanachuo wa ualimu kule Butimba, na mwanamke pekee kwenye kundi. Mama yangu alikaanga mapanki Mkuyuni, yaani ile mifupa ya sangara inayobaki na kichwa chake baada ya viwanda kutoa minofu. Niliandika shairi juu ya hilo, lisilo na vina wala mizani. Nilipolisoma, vidole vya Mwenyekiti vilianza kuhesabu, vikapotea njia, vikatulia.

"Hii ni barua," alisema. "Umemwandikia nani?"

Niliikunja karatasi nikaitia kwenye mkoba. Niliumia, lakini nilirudi Jumamosi iliyofuata.

Kisha meneja wa kiwanda kipya cha minofu akatuma mtu dukani. Alitaka shairi siku ya ufunguzi. Mwenyekiti alijifungia nyumbani wiki mbili, akatoka na beti kumi na nane, na kila ubeti ukianza na maneno yaliyofunga ubeti uliotangulia. Mstari wa kwanza ulisema: "Karibuni wawekeza, Mwanza imefunguliwa." Wawekezaji walikuwa wamezidi silabi moja, akawapunguza.

Siku yenyewe tulikaa kwenye viti vya mstari wa nyuma, Mwenyekiti akiwa ndani ya koti la harusi ya mwanawe. Mgeni rasmi alichelewa kwa saa tatu. Alipofika, mshereheshaji alitujia mbiombio.

"Mzee, mna dakika mbili."

"Shairi hili halina dakika mbili."

"Soma beti mbili basi."

"Halikatiki. Ukitoa ubeti mmoja, zote zinaanguka."

"Hakuna lingine fupi?"

Mwenyekiti alitutazama mmoja mmoja. Akaishia kwangu.

"La huyu ni fupi," alisema. "Halina kitu kingine, ila ni fupi."

Nilimwambia siwezi. Nilijua shairi langu linasema nini, na nilijua tupo wapi. Isitoshe, mama alikuwa ng'ambo ya uzio na wakaangaji wenzake, wamekuja kuuliza mapanki yatatokea lango lipi. Lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshafika mkononi mwangu. Nikasoma:

"Mgongo wa samaki umefika kwetu,
nyama yake imepanda ndege.
Mama anaukaanga mgongo, anasema:
kula, mwanangu, una kichwa."

Nilisikia mashine ya barafu. Mgeni rasmi, ambaye ratiba yake ilisema "shairi la pongezi", alipiga makofi, na wote wakapiga. Ng'ambo ya uzio mwanamke mmoja alipaza sauti, "Rudia!" Nikarudia. Meneja alinishukuru kwa kuitaja ndege.

Mama alinisubiri langoni. "Ndiyo umenitangaza na kikaango changu," alisema. Tulitembea kidogo. "Lakini kichwa kweli ndicho kitamu."

Mwezi uliofuata, kwenye ukurasa wa mashairi wa gazeti, nilikuta beti sita za Mwenyekiti juu ya vijana wanaoharibu fani. "Shairi bila ya vina, ni nyumba isiyo paa," aliandika. Nililisoma bwenini kwa hasira, na nilipofika mwisho nikatambua kwamba halijawahi kutoka kwake shairi zuri kama lile. Niliona lazima nimjibu kwa vina na mizani, asije akasema nilishindwa. Ilinichukua wiki tano. "Wenye paa walijenga, sisi twalala uani," nilianza, na gazeti likalichapa.

Jumapili moja niliambiwa nina mgeni getini pale chuoni. Nikamkuta amesimama na gazeti kwapani, vumbi limefika magotini.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Ubeti wa tatu, mstari wa pili. Mizani kumi na tano. Nimehesabu mara nne."

Tulikaa kwenye ngazi tukaurekebisha. Alikuwa amesema kweli. Alipomaliza hakuondoka. Alizungusha kalamu kidogo, kisha akauliza, bila kunitazama:

"Lile lako la samaki. Ulijuaje mahali pa kukata mstari?"

"Sijui, Mzee. Nilikata pale nilipoishiwa pumzi."

Aliandika jibu hilo kwenye daftari lake, akaaga.

Baada ya majuma matatu alileta dukani ukurasa mmoja uliozungumzia vijiji alivyopimia pamba na wakulima waliokuwa wakiitazama sindano ya mizani bila kupepesa macho. Haukuwa na kina hata kimoja. Mwenye duka aliusoma mara mbili, akauliza kama ni shairi au ni ripoti ya kazi.

"Chapa tu," alisema Mwenyekiti. "Ila mistari usiiunganishe."