Ringi Mpya kwenye Baiskeli ya Baba

"Hutaiweza," alisema fundi baiskeli wa kijijini kwetu, Mbuba. Jirani yetu, mbeba ndizi, akadakia: "Injinia wa makaratasi! Baiskeli yenyewe imekuzidi umri."

Nilikuwa nimerudi kutoka Mwanza na diploma ya ufundi mitambo, niliyojisomesha kwa kufyatua matofali. Watu kama mimi si wengi kwetu. Sikuzoea kuambiwa sitaweza.

Magoti ya baba yalikuwa yamechoka kutembea, naye alitaka jambo moja tu: aende tena kanisani kwa baiskeli yake ya zamani, yenye breki za fimbo za chuma. Ringi zilikuwa zimeliwa na kutu. Za aina ile nilizikosa hadi Biharamulo, nikanunua za kisasa, za aluminiamu. Nikaazima spana ya spoki kwa fundi, nikafunga mwenyewe. Magurudumu yalizunguka bila kuyumba, nami nikamwita fundi aone.

Aliinama, akashika breki. "Hizi hubana ringi kwa ndani. Hiyo yako kwa ndani imechongoka. Zitashika wapi?"

"Mzee, mambo hayo nimeyasomea," nikamjibu.

Jumapili baba akaondoka. Tulimkuta kwenye mtaro, chini ya mteremko, mkono umevunjika. "Nimebana, mwanangu," alisema. "Nimebana sana."

Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Alipofunguliwa plasta, safari hii sikununua kitu kabla ya kujaribu. Nilikwenda kwa mbeba ndizi, sauti chini. Akafungua breki za baiskeli yake, zile za kubana ringi pembeni, pamoja na nyaya zake. "Chukua, injinia. Mimi nitasukuma." Siku tatu alisukuma mikungu hadi Kabanga kwa miguu. Nilipozijaribu kwenye baiskeli ya baba zilikaa sawasawa, nikaenda Biharamulo kutafuta za aina hiyo.

Siku ya kurudisha vya watu nilibeba pombe ya ndizi, maana kwetu cha kuazima hakirudi peke yake. Mbeba ndizi alipata breki zake, zikiwa na raba mpya. Fundi alipokea spana yake, akauliza, "Sasa umeiweza?"

"Nimeiweza," nikasema kwa sauti, na ni kweli. Breki zile zinashika hadi leo.

Jioni hiyo baba alipanda, akaendesha vizuri kwenye tambarare. Alipofika kwenye mteremko alishuka, akaikokota hatua kwa hatua hadi chini, kwa magoti yale yale yaliyochoka. Nilitembea nyuma yake, mikono mitupu.