Simu Haipewi Kiti

Bibi yangu mzaa mama ananiita mume wake. Mimi, kama mume mwenye msimamo, kila nikifika kijijini kwake Kichiwa humwambia nimeleta talaka kwa sababu amezeeka. Hujibu kwamba talaka ataitoa yeye: mume gani huyu, yuko kidato cha tatu na bado anachapwa na mama yake? Tukimaliza matusi hayo ndipo inakuja salamu yenyewe ya "Kamwene", ya heshima, na habari za kila mtu aliyebaki Makambako, mmoja mmoja, mpaka kuku.

Likizo ya mwezi wa sita nilikwenda kwake na kazi maalumu. Masika yaliyopita aliteleza akishuka bondeni, kifundo cha mguu kikavimba kama kiazi, akalala ndani peke yake. Sisi tukaja kusikia kwa mwanakwaya mmoja aliyefika mjini kununua mbolea. Mama alilia, kisha akakasirika, kisha likizo ilipoanza akanisindikiza hadi kwa Bibi, akatoa hukumu.

"Mama, nakununulia simu. Nikikupigia uwe unapokea. Usipopokea, likizo hii ikiisha nakuja na gari kukuchukua. Utakaa na mimi mjini. Na wakikutapeli kwenye hiyo simu, vilevile nakuchukua."

Kwetu Makambako ni vyumba viwili na ua wa saruji. Aliwahi kukaa kwetu wiki moja, akapanda maharage kwenye beseni la kufulia. Kuhama maana yake ni kuacha nyumba aliyoijenga na babu, na kuacha vinyungu vyake, zile bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi udongo ukiwa bado na unyevu. Mtu akitaka kumuua Bibi, amnyang'anye kinyungu.

"Mume wangu," aliniambia mama alipotoka nje, "nifundishe hicho kidubwana. Sitaki kuzeekea kwenye saruji."

Tulianza na laini. Wakala pale stendi, chini ya mwavuli wake, alimwambia aweke kidole kwenye mashine. Mashine ikakataa. Akafuta kidole, ikakataa. Wakafuatana vidole vyote vya mkono wa kulia.

"Bibi, alama zimefutika," wakala akasema. "Jembe limezila."

"Basi kalisajili jembe."

Kilichokubalika mwishoni ni kidole kidogo cha kushoto. Bibi akakitazama, akanitazama mimi. "Kimepona kwa uvivu. Kumbe kuna watu wana faida."

Simu yenyewe ni kitochi cha batani, chaji inakaa mpaka unaisahau. Niliiweka Kiswahili, nikakuza maandishi, nikapandisha mlio mpaka mwisho. Namba ya mama nikaiweka kwenye batani ya mbili, uibonyeze tu na kuishikilia. Yangu ikawa batani ya tatu. Kwenye batani ya kijani nikaweka tone la rangi ya kucha ya dada yangu, ambaye hadi leo anaitafuta.

Tukaja kwenye namba ya siri. Bibi alichagua haraka sana, nikashangaa. Ziliunganishwa namba za nyimbo mbili za kitabu cha kanisani. Wazo zuri, tatizo ni kwamba kila akiibonyeza alikuwa anaziimba. Sauti ya pili, kwa hisia, macho amefumba. Msharika yeyote aliyepita njiani angeijua namba nzima na beti zake.

"Bibi, chagua namba isiyoimbika."

Akageukia ukutani, akabonyeza nyingine kimya kimya.

"Ni ngapi?"

"Sikuambii."

"Hata mumeo?"

"Hasa wewe."

Nikaona mwanafunzi ameiva. Mama, aliyekwisha kurudi Makambako, akapiga siku iliyofuata, simu ikalia mpaka ikachoka. Akapiga tena, vilevile. Mimi nilikuwa nachota maji. Nikarudi mbio, nikamkuta Bibi amekaa kwenye kiti cha wageni, amenawa, amevaa kitenge safi na kilemba, simu iko mezani juu ya kitambaa.

"Amekata," akasema kwa masikitiko. "Nilikuwa najiandaa."

Kumbe ndivyo alivyokuwa akifanya. Simu ikilia yuko shambani, anaweka jembe, ananawa tope, anaingia ndani, anabadilisha nguo, anaketi. Mgeni hapokelewi na mikono michafu. Nilimweleza kwamba mtu wa simu hamwoni. Akaniuliza kama kutoonekana ndiyo sababu ya kukosa adabu. Nilipendekeza aivae shingoni kwa kamba. Akasema anayefungwa kengele ni mbuzi. Siku zikaenda, mama akakosa kupokelewa tena na tena, na ujumbe wake kwangu ukawa mfupi: "Mwambie aanze kufunga vitu."

Bibi hakufunga kitu. Ila nilimwona anapita kwenye vinyungu akigusa majani ya maharage, hapalilii, anagusa tu. Siku hiyo sikumtania.

Tulikuwa palepale bondeni, upepo ule wa mwezi wa sita unakata masikio, jirani yake akamwita kutoka mlima wa pili. "Weee! Umeona ng'ombe wangu?" Bibi, tope mpaka magotini, hata mgongo hakunyoosha. "Eee! Amepita mtoni!"

"Bibi!" nikaruka. "Mbona huyo hujamnawia mikono?"

"Huyo si mgeni. Hajafika. Ananiita tu kutoka ng'ambo."

"Na mama akipiga simu, amefika?"

Akasimama. Akaangalia mlima wa pili, akaangalia upande wa Makambako.

"Ndiyo maana sioni viatu vyake mlangoni," akasema, na kunipiga kofi la mgongo lenye tope. "Ulikuwa wapi kusema? Mwalimu hovyo."

Tangu hapo simu ikawa inashinda ndani ya kifuko cha nailoni, kwenye mfuko wa sweta lake. Aliyeipiga kwanza hakuwa mama. Bibi aliipokea papo hapo, akaniwekea spika nisikie.

"Hongera mama, umeshinda zawadi! Nitajie namba yako ya siri nikutumie."

"Kamwene, mwanangu. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mimi ni ofisa wa mtandao, mama. Namba ya siri..."

"Ofisa. Wa ukoo gani? Mama yako hajambo? Huko kwenu mmeshavuna? Baridi inaendaje?"

"Mama, namba!"

"Mtu yuko ng'ambo, simfahamu, hataki kusema kwao, anataka ufunguo wangu? Ngoja kwanza, mama yako anaitwaje?"

Simu ikakatwa. Bibi alikasirika sana. Hakukasirikia wizi, alikasirika kwamba hawakuagana.

Mama alipiga baadaye, Bibi akiwa na ndoo kichwani. "EEE! NIKO HUKU KINYUNGUNI!"

"Mama, mbona unapiga kelele?"

"SI UKO MAKAMBAKO? NI MBALI!"

Kutoka mlima wa pili jirani akaitika, "Eee!" Kwenye spika nikamsikia mama anacheka, kile kicheko cha kulialia. Nikamsimulia habari za yule ofisa. Akasema, "Haya. Kaa kwako, Mama. Nimekuelewa."

Siku ya kuondoka, Bibi alinijazia kiroba cha viazi, akaanza kunisindikiza barabarani kama ilivyo desturi. Hatujafika hata kwenye mianzi iliyo mwisho wa ua wake, simu ikalia. Akasimama, akabonyeza tone la rangi.

"EEE! MWANANGU!" Mkono wa pili ukanipungia kama anayefukuza kuku. "Nenda, nenda, huoni naongea?"

Nikajitwika viazi vyangu. Nilifika barabarani nikiwa bado namsikia, anamwuliza mama habari za kuku.