Matanga ya Mfalme wa Kitabuni

Jamani, chekeni mkipenda, maana hata mke wangu alinicheka kwanza ndipo akanikubali: mimi ndiye yule mwalimu wa Bugene aliyefiwa na mfalme wa kitabuni, nikanyolewa kichwa, nikakaa matanga mbele ya kilima kizima. Aibu ile ninayo mpaka leo na sidhani kama ina mpango wa kuondoka.

Mjerumani alikuwa ndiyo kwanza ametolewa, Mwingereza ameingia, nami nimerudi kutoka Uganda nilikokwenda kusomea ualimu pamoja na vitabu vya Kiingereza (asubuhi tunafundishwa jinsi ya kumfundisha mtoto, jioni tunakariri mashairi ya watu wanaolilia maua ambayo sijawahi kuyaona), nikiwa na kaptula nyeupe na kiburi cha kuwatosha walimu kumi. Nilitaka kitu kimoja tu: shule yangu mwenyewe. Mtawala wa kilima chetu, Mkungu Kabyemera, akanionyesha kiwanja chake kule juu kabisa, akasema, "Mwanangu, watoto hawa watapata nini kwako? Waonyeshe wazazi. Wakiridhika, nitatoa watu wa kujenga. Wasiporidhika, watoto warudi kwenye mbuzi."

Basi nikaamua kuwaonyesha mchezo, kwa sababu chuoni tuliambiwa mtoto haelewi kitabu mpaka akicheze, nikatunga wangu kwa kufuata vile nilivyovisoma: mfalme mzee anarudi vitani na jeraha, anasema maneno mengi kuliko mtu yeyote mwenye jeraha anavyoweza kusema, kisha anakufa. Ufalme nikampa Kajuna, mtoto mnene mwenye sauti nzito. Sasa, katika vitabu vile mfalme akifa mtu mmoja husema "ole wetu" kwa upole na wengine wanainamisha vichwa, lakini tulipojaribu hivyo watoto wangu walionekana kama watu wanaotafuta sindano iliyoanguka. Nikaona haipendezi. Nikawaambia, "Acheni hayo, lieni kama watu wanavyolia hapa kwetu." Uamuzi wenyewe ulikuwa huo tu, na niliutoa huku nakula ndizi.

Siku yenyewe wazazi walikuja wachache, wengine wako mashambani wanapanda maharage, na Mkungu akatuma neno kwamba mguu unamuuma, tuanze, atafuata. (Habari za mguu ule kila mtu alikuwa nazo, na wapo waliokuwa wakinong'ona kwamba mzee hatakula maharage ya msimu huo.) Nikaanza.

Kajuna akafa vizuri mno. Watoto wakaweka mikono kichwani, wakaachia kwa pamoja, "Yawe! Yawe! Mkubwa wetu ametuacha!" na kwa kuwa tulikuwa kwenye kiwanja kile cha juu bila ukuta wala mti wa kuzuia, sauti zikateremka mabonde yote, nami nimefumba macho kwa raha, najisemea, laiti walimu wangu wangeniona.

Nilipofumbua, mashamba chini yalikuwa yamenyamaza. Kwetu mkubwa akifa hakuna anayelima, jembe linawekwa palepale lilipofikia, na anayelipiga tena ni kama amemtukana marehemu. Wale wa bondeni hawakumwona Kajuna. Walisikia kilio kutoka kiwanja cha Mkungu, na habari za mguu walikuwa nazo. Mwanamke mmoja akapokea kilio, wa ng'ambo akamjibu, mara vilima vyote vinalia. Nikatimua mbio kuteremka, napunga mikono, napiga kelele, "Ni mchezo! Ni mchezo tu!" Waliokutana nami walidhani msiba umenichanganya akili, wakanihurumia, wakazidi kulia.

Nikafika kwa Mkungu nahema. Mzee alikuwa uani, mguu ameupumzisha juu ya kigoda, anakula ndizi na maharage, na watu wanamiminika na mbugu, zile nguo za magome tunazowavika wafu, wanaingia wakilia, wanamwona, wanasimama kimya na sanda mikononi. Bwana Feruzi mwenye duka, ambaye wazee wake walitoka pwani, aliingia na kipande cha bafta nyeupe ya sanda akisema "Inna lillahi" kwa huzuni ya kweli, akainua macho, akamkuta marehemu anatafuna.

"Shikamoo, Mzee," akasema, akaificha bafta nyuma ya kanzu.

"Marahaba. Nani amekufa?"

Nikapiga magoti. "Ni mfalme, Mzee. Wa mchezo. Nimemtunga mimi, kwa mfano wa vitabu vya Waingereza."

Baba yangu alikuwa pale. Akatazama juu mawinguni kama mtu asiyenifahamu.

Mkungu akanawa mikono polepole. "Kilio kimeshasikika. Majembe yako chini, na hayainuliwi mpaka mtu azikwe. Sasa unataka azikwe nani? Mimi?"

"Hapana, Mzee."

"Basi tutazika mgomba, kama tunavyomfanyia mtu aliyefia ugenini asirudishwe. Huyo mfalme wako alifia wapi?"

"Kiwanjani kule juu."

"Atazikwa alipofia. Na mfiwa ni wewe, sioni ndugu yake mwingine."

Wakaninyoa. Mgomba ukavikwa mbugu, ukapandishwa kilimani, na mimi nikasimamishwa kaburini kueleza habari za marehemu, kama desturi inavyotaka.

"Ukoo wake?" akauliza Mkungu.

"Sikumtungia, Mzee."

"Mke? Watoto?"

Nilimpa maneno ya kufia, tena mengi, lakini mtoto hata mmoja sikumpa.

"Yaani alikuja duniani kufa tu?"

Bibi mmoja akaangua kilio, "Maskini, hana hata wa kumlilia!" na hapo na mimi nikalia, mwanzoni kwa aibu, halafu kwa uchungu hasa, kwa sababu niliona lile tuta la udongo liko katikati ya kiwanja changu.

"Mzee," nikauliza, "na shule?"

"Juu ya kaburi? Watoto wamkanyage mfalme?"

Shule ikajengwa Nyakakika, kilima kingine, akapewa mwalimu ambaye hajasoma shairi hata moja, na mimi nikawa msaidizi wake, nikipanga madawati na kufuta ubao. Iliniuma, nisiwadanganye. Baadaye nilipata darasa langu, na michezo tulicheza, lakini niliapa na kiapo nimekishika: kwangu hafi mtu. Mfalme akichomwa mkuki anapewa dawa ya mizizi, anaamka, anauliza habari za watoto wake, nao wanaingia mmoja mmoja kumwamkia, na kila mmoja nimeshamtafutia ukoo.