Nchi Ambayo Udongo Unamjua Mkulima Wake

Vitabu vile vitatu niliachiwa na mwalimu mgeni aliyekuwa akifundisha nasi Old Moshi, aliporudi kwao Ulaya. Vyote viliandikwa na wanawake, na vyote vilihusu mambo yasiyokuwepo. Nilivisoma jikoni kwa mama, miguu karibu na mafiga, siku zile tulipokuwa tunasubiri ukoo uje kuamua juu ya kihamba chetu, shamba la ukoo. Baba alikuwa ameshazikwa humo, katikati ya migomba na kahawa. Mimi ni mtoto pekee, tena wa kike, na kwa desturi yetu mtoto wa kike harithi kihamba.

Cha kwanza kiliniudhi. Mwandishi alijenga mji mzima chini ya ziwa, halafu akawaacha wanawake wa mji huo wakipika na kuwasubiri waume zao. Yaani umeweza kubuni samaki wanaosema, ukashindwa kubuni mwanamume anayeosha sufuria? Cha pili kilimhusu mwanamke aliyesikia maneno siku moja kabla hayajasemwa. Hicho kilinitia hofu, kwa kuwa na mimi nilijua tayari baba mkubwa atasema nini akija. Nilikifunga katikati na sijakimaliza mpaka leo.

Cha tatu ndicho kilichonikamata. Kilisimulia nchi ambayo udongo unamjua anayeulima. Mtu akirithi shamba ambalo hakulitia samadi kwa mkono wake, hakioti kitu humo, hata magugu. Mahakimu wa nchi ile hawana kazi. Watu hungoja mvua tu, wakaona. Mwandishi alieleza yote hayo kwa sentensi fupi, bila mapambo, kama mtu anayekufundisha kukamua ng'ombe. Niliziamini. Nilisoma polepole kwa makusudi, maana nilijua nikimaliza nitajikuta palepale jikoni.

Nilimsimulia mama tukikata majani ya ng'ombe. Aliuliza kama huko nako wana masika na vuli. Nikamjibu wanazo. Sikuelewa kwa nini anauliza. Redio ya jirani ilikuwa kila siku ikitaja nchi za mbali ambako mashamba ni ya wote na wanawake wanaendesha matrekta; kumbe mama aliichukua nchi yangu akaiweka humohumo, kati ya nchi za kweli.

Jumamosi baba mkubwa alipanda kutoka Pasua, kwenye duka lake, akiwa na wazee wawili wa ukoo. Alibeba miche ya masale. Isale likishapandwa mpakani, hakuna Mchaga atakayethubutu kuling'oa. Nilipoiona ile miche, shikamoo yangu haikutoka vizuri, na pombe ya mbege niliyokuwa nawamiminia ilimwagika.

"Shemeji," alimwambia mama, "utabaki na nyumba na migomba ya huku juu. Kuanzia hapo kwenye kahawa ni kwa kijana wangu."

Kijana wake alikuwa kiwandani, kwenye miwa huko chini. Hakuwahi kushika jembe kwetu hata siku moja.

"Hakitaota kitu," mama alisema. "Kuna nchi wamejaribu. Mwanangu hapa amesoma."

Wote wakanigeukia. Baba mkubwa akaacha Kichaga na kuhamia Kiswahili, kama kawaida yake akitaka kuwa serikali. "Nchi gani hiyo, mwalimu? Iko wapi?"

Ningeweza kutaja mahali popote, lakini uongo ukishikwa ungemrudia mama.

"Haipo, baba mkubwa. Ni hadithi. Mwanamke mmoja aliitunga kichwani."

Walicheka. Baba mkubwa alicheka mpaka akapaliwa na mbege. Mama hakunitazama, na nilidhani nimemwangusha mbele ya watu. Aliwangoja wamalize.

"Kichwani mwake?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Sawa. Na hii yetu, shemeji, kwamba mtoto wa kike asirithi, ilitoka kichwani mwa nani? Au ilidondoka kutoka Kibo?"

Baba mkubwa alisimama, akachukua jembe na miche yake, akawangoja wazee. Mpaka haupandwi bila wazee kuuona.

Wazee walibaki wamekaa. Mmoja akamwomba mama amwongezee mbege.