Kijibwa cha Uzi Mwekundu

Dada yangu hauzi watoto wa mbwa, anawaozesha. Mtu akija kuulizia, huketishwa jikoni kwenye kigoda kama mchumba aliyekuja kuposa, na dada, huku anashona, humhoji taratibu. Uzio unao? Akiugua utampeleka kwa daktari gani? Na nani yuko nyumbani mchana? Ukijibu hakuna mtu, unapewa chai, unasindikizwa hadi getini, basi. Mimi mdogo wake, ninayeishi naye tangu niachike, nimeona watu na magari yao wakirudi mikono mitupu.

Majirani humwita Mama Vijibwa. Walianza kwa kumcheka, sasa limekuwa jina tu. Ana mbwa jike wawili wanaoenea kwenye kapu la nguo, Kifungo na Zipu. Fundi cherehani atampa mbwa jina gani jingine? Hawazalishi ovyo. Mmoja akishazaa hupumzishwa mwaka na zaidi, na kabla ya kupandishwa tena daktari humpima moyo na magoti, maana mbwa wadogo huteguka magoti upesi. Zipu alikutwa na goti bovu, akafungwa kizazi, na sasa anakula na kulala kama mstaafu.

Kifungo alipozaa watatu, dada alihamishia godoro lake jikoni. Kila asubuhi aliwapima kwenye mizani ya unga, na shingoni akawafunga nyuzi za rangi tofauti asije akawachanganya. Mimi nilikatazwa hata kukaanga samaki, eti moshi. Nikamwambia haya, wenye nyumba ni mbwa, sisi wapangaji. Alicheka, lakini sufuria ya mafuta aliiondoa.

Vijibwa walipoanza kula wenyewe, binti wa dada akaja na mtoto wake mdogo. Binti huyo ndiye mtoto pekee wa dada. Anafanya kazi benki, mumewe ni mtu wa safari, mtoto yuko shuleni, na nyumba yao hufungwa asubuhi hadi jioni. Alikuwa ameshamwahidi mtoto kijibwa mwenye uzi mwekundu, na mtoto ameshampa jina. Dada akamuuliza kama anavyouliza wote. Binti akadhani mzaha.

"Mama, hata mimi unanihoji?"

Dada akamjibu kwa sauti ileile ya upole kwamba nyumba inayofungwa mchana kutwa hapeleki mbwa, hata kama ufunguo anao mwanawe. Mjukuu aje kucheza naye hapa kila Jumamosi. Binti alimshika mtoto mkono, akaondoka bila kuaga.

Tangu siku hiyo hakuja wala kupiga simu. Nilimwambia dada, damu nzito kuliko maji, mbwa ni mbwa! Akanikata jicho. Lakini nilimwona anavyoitazama simu, chakula anakigusagusa tu, na roho iliniuma. Yule kijibwa mwenye uzi mwekundu akapata posa nyingine, kwa mzee fundi saa anayefanyia kazi sebuleni kwake. Niliona wazi kuwa akitoka yule, binti naye hatutamwona tena. Mdomo wangu hauna breki. Nikampigia binti, nikamwambia fundi saa anakuja Jumamosi kumchukua kijibwa, kama una neno njoo ulisemee hapa.

Akaja peke yake. Alimwamkia mama yake, akaketi kwenye kigoda, akamtazama kijibwa akitafuna ndara yangu.

"Baba alipofariki ukaenda kiwandani," alisema. "Ulikuwa unanifungia ndani, ufunguo unaondoka nao. Hukuuliza nani yuko nyumbani na mimi mchana. Mbwa ndiye umemwonea huruma."

Cherehani ikanyamaza. Nilitamani nitoke. Wakati huo nilikuwa nimeolewa mbali, na mambo hayo sikuwahi kuyasikia. Dada aliuvua mkanda wa kupimia shingoni, akaukunja, akaukunjua.

"Sikuwa na mtu wa kumwachia," alisema. "Kila jioni nikifungua mlango nakukuta umelala hapohapo chini, shavu limeshika vumbi la kizingiti. Unadhani swali hili nililitoa wapi, mwanangu?"

Machozi yalimtoka binti, naye hakuyafuta. Dada alishuka kutoka kwenye kiti cha cherehani, ingawa naye ana magoti mabovu kama Zipu, akaketi sakafuni karibu naye. Akamwambia nisamehe. Mimi niliyemjua maisha yangu yote, neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Fundi saa alipobisha hodi walikuwa bado wamekaa chini. Nikaenda kufungua mimi, nikamwomba mzee wa watu asubiri kidogo kibarazani.