Ale Kwanza

Wazo la kwenda kutembea milimani lilikuwa lake, shoga yangu niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja hapa Guangzhou. Mimi ni mwanamke wa Kariakoo, kazi yangu kununua mikoba Shiling, kwenye viwanda vya ngozi nje ya mji, na kuijaza kwenye makontena. Nikitembea lazima niwe nakwenda mahali. Yeye alikuwa anasoma, kabakiza miezi mitano amalize, na wenzake chuoni walikuwa na mtindo wa kwenda vijijini wakati wa baridi, wanapanda vilima kutazama maua, halafu wanakula kwa wakulima wanaopika chakula cha kuuza. Akatusumbua wiki tatu. "Jamani, twendeni tukapumue." Mama yake alikuwa mgonjwa wa figo huko Dar, na mwenyewe alishinda chumbani anaikodolea macho simu. Nikaona heri twende. Tukapanga Jumapili.

Jumapili hiyo alfajiri, yeye yuko bafuni anatawadha, simu yangu ikalia. Alikuwa mjomba wake. Akaniambia dada yake, mama wa shoga yangu, hatunaye tena, watazika saa nne asubuhi. Kisha akashusha sauti. "Mwanangu, usimwambie kavukavu. Yuko ugenini, hana mtu. Mkusanyike, ale kwanza, akishiba ndiyo mumwambie. Msije mkamwua na yeye."

Kwetu ndivyo tunavyofanya. Mfiwa habebeshwi msiba na tumbo tupu. Nikasema ndiyo mjomba, na shoga yangu akatoka bafuni anatabasamu, ananiuliza kama nimefunga sufuria.

Nikapata ujumbe wa kaka yake: akishaambiwa tu, apige, watamshikia simu amtazame mama kabla hajatolewa nje. Saa nne ya kwao ni saa tisa ya kwetu. Nikajipa moyo kwamba tutakuwa tumekula saa saba. Muda tele!

Tulikwenda wanne. Mimi, yeye, na mtu na mkewe wa Tanga, wanaosafirishia watu mizigo. Huyo bwana ndiye tuliyemfanya mkubwa wetu. Niliwanong'oneza kwenye ngazi. Mke akafanya kama anamwomba simu shoga yangu ampige picha, akaizima mawasiliano, akaitia kwenye pochi lake, ati yeye ndiye mpiga picha wa safari, asije akaona rambirambi kabla ya wakati. Yangu niliitoa mlio, nikaisokomeza ndani kabisa ya mkoba. Tulijiona watu wa akili sana.

Kulikuwa na baridi ile ya Guangzhou inayoingia na unyevu mpaka kwenye mifupa. Tukapanda kati ya miti ya maua meupe, njia ya udongo inateleza. Mimi na viatu vyangu vya mjini nikateleza nikakaa juu ya tuta la mboga la bibi mmoja, naye akanitolea Kikanton chote alichonacho. Shoga yangu alicheka akashika mti. Alicheka mpaka machozi, miezi sijamwona akicheka vile, na mimi nikazidisha, nikamwigiza yule bibi, kwa sababu sikujua nifanye nini na uso wangu. Loo! Mtu unamchekesha mwenzio na msiba wake uko mdomoni mwako.

Halafu akanishika mkono, tukatembea nyuma ya wale wawili. "Mama jana kanywa uji," akaniambia. "Nikimaliza tu, nakwenda kumwogesha kwa mikono yangu. Nimechoka kuogeshewa mama na watu." Nikasema inshallah. Wallahi nilisema inshallah.

Kwa mkulima tulifika saa saba na nusu. Meza ya duara chini ya bati, jiko la mkaa katikati, Wachina meza ya pili wanakunywa pombe na kucheka kwa sauti. Tukamwambia laoban, mwenye nyumba, tunataka kuku lakini tutamchinja wenyewe na kumpika kwenye sufuria letu. Akakuna kichwa, akakubali. Basi kuku akakimbia. Bwana wa Tanga akamfukuza bustani nzima, watu wanashangilia. Akamkamata, akachinja, maji ya kunyonyolea hayajachemka. Saa nane. Mkaa umelowa. Saa nane na nusu kuku bado mgumu kama soli.

Nikamvuta yule bwana pembeni, kwenye tangi la samaki. "Tumwambie sasa. Wanamtoa saa tisa."

"Na mjomba mtu kasemaje?"

"Kasema ale. Lakini kaka'ke anamsubiri."

"Ataanguka hapa, tumbo tupu, mlimani, hospitali hatuijui. Mkubwa kasema ale kwanza. Dakika chache tu."

Ningeweza kumpita nikasema. Mdomo ni wangu, naye si mume wangu wala baba yangu. Nilirudi nikakaa. Ukweli ni kwamba niliogopa. Neno la mjomba nililifanya shuka la kujifunika.

Kuku akaja saa tisa kasoro dakika tano. Shoga yangu akatupakulia sisi kwanza, akachukua paja, akasema hajala kwa hamu hivi tangu afike China. Akaongeza wali. Mimi nilikuwa natafuna bila kuonja chochote, natazama saa ya ukutani ikipita tisa, ikipita na nusu.

Alipolamba vidole, bwana wa Tanga akajikohoza. "Dada, sote ni wa Mwenyezi Mungu..."

Hakumwacha amalize. Hakupiga kelele. Akanyoosha mkono, "Nipeni simu yangu," na yule mke akaifungua akampa. Akapiga. Kaka yake alipokea, nyuma yake wanaume wanaitikia amin, amin.

"Mmeshamtoa?"

"Tumeshafukia, dada. Tulikusubiri. Tulimzuilia mlangoni mpaka watu wakanung'unika. Napiga haupatikani. Nampigia mwenzako hapokei."

Nilikuja kuhesabu baadaye: alinipigia mara kumi na moja.

Shoga yangu akaiweka simu mezani, mafuta ya kuku yamebaki juu ya kioo. Akatutazama mmoja mmoja.

"Mmejua tangu saa ngapi?"

Wale wawili waliinamisha vichwa. Nikasema mimi, "Tangu alfajiri."

Akainuka, akaenda nyuma kwenye bomba wanakooshea mboga, akajitia vidole kooni. Akatapika kuku, akatapika wali, akaendelea kujitia vidole mpaka hakuna kinachotoka. Nilimkimbilia nimshike mgongo. Akautoa mkono wangu.

"Niache," akasema. "Mama yangu anafukiwa, wewe unanilisha."